Mzimu Haurithi Shamba

Imekwisha kuwa desturi katika shule zetu kuvigawa vitabu vya Kiswahili katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la vitabu vizito, ambavyo mwalimu huvisimamia kwa fimbo ya mtihani. La pili ni la vitabu vyepesi, ambavyo mwanafunzi huachiwa ajisomee wakati wa likizo, kama mtoto aliyemaliza kazi anavyoachiwa kwenda kucheza. Hadithi za Bwana Msa, alizotunga marehemu Muhammed Said Abdulla wa Unguja, zimetiwa katika fungu hilo la pili, na waliozitia humo hawatoi sababu ila mbili: kwamba ni hadithi za upelelezi, na kwamba zinachekesha. Mimi naona hukumu hiyo si ya haki, tena ina hatari ndani yake, na hatari yenyewe si ya fasihi peke yake. Nitaipinga kwa kitabu kimoja tu, Mzimu wa Watu wa Kale, ambacho ndicho kilichomleta Bwana Msa duniani.

Kitabu hicho kilipata ushindi katika mashindano ya kutunga hadithi ya mwaka 1957–58, yaliyosimamiwa na East African Literature Bureau, kikatolewa mwaka 1960. Mtungaji wake alikuwa mtu wa magazeti, na kwa miaka mingi alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la idara ya kilimo ya Unguja. Yafaa jambo hili likumbukwe, kwa sababu mtu aliyezoea kuandika habari za karafuu na minazi hujua vizuri kwamba shamba halikosi mwenyewe, na kwamba mwenyewe hakosi anayemwonea jicho. Kisa chajulikana. Tajiri mwenye mashamba amekutwa ameuawa mahali pa mzimu, pale ambapo wenyeji hupaheshimu na kupaogopa. Jina la mahali lenyewe limekwisha toa jibu kabla swali halijaulizwa. Kisha anatokea Bwana Msa na kiko chake, na pamoja naye Najum, rafiki ambaye aghalabu hutangulia kukata shauri kabla ya kutazama. Bwana Msa hagombani na mzimu, wala hauhutubii. Anauliza mambo madogo madogo ya nyumbani: nani ni jamaa wa nani, nani alijua nini, nani alikuwa wapi, siri gani ilifichwa na kwa faida ya nani. Sitamtaja muuaji. Kumtajia mtu muuaji kabla hajasoma ni sawa na kumwondolea mgeni sahani.

Sasa tuseme habari za kinaya. Vijana wetu hufundishwa kinaya kwa mfano wa mtoto mchafu anayeambiwa, "Ama kweli, leo u safi!" Mfano si mbaya, lakini ni mlango tu wa nyumba, nao wanafunzi husimamishwa mlangoni hapo miaka minne. Huulizwa kinaya ni nini, wakajibu kwamba ni kusema kinyume cha linalokusudiwa. Huambiwa wataje mifano mitatu, wakaitaja. Hupewa alama zao, wakaenda zao. Kinaya cha kitabu kizima ni jambo jingine. Ni mpango wa mambo ambao kwao anayejiona anajua ndiye asiyejua, kinachoogopwa ndicho kisicho na hatia, na kinachoaminiwa ndicho chenye damu mikononi. Kinaya cha namna hii hakikai katika sentensi moja ambayo mwanafunzi aweza kuipigia mstari. Kimetanda katika kurasa zote kama chumvi katika mchuzi.

Tazameni jina la kitabu. Msomaji analifungua akitazamia wafu, naye anakutana na walio hai. Watu wa kale hawatendi neno humo tangu mwanzo hadi mwisho. Wamelala, wamenyamaza, hawadai kitu. Wanaotenda ni watu wa leo, wenye kanzu zilizofuliwa, wanaoamkiana kwa heshima na kuulizana hali za watoto. Jina linamsingizia mzimu, kitabu kinamtoa mzimu katika kesi. Na yule msomaji aliyetetemeka kwenye kurasa za mwanzo ndiye aliyetegwa, maana alikubali ushahidi ambao haukutolewa na shahidi yeyote. Kicheko cha Abdulla kinamwangukia yeye. Kama msomaji huyo hakuona kwamba amechekwa, basi amesoma nusu ya kitabu, hata kama ameyamaliza maneno yote.

Ulaya nako kulitokea vitabu vya kutisha vya mapenzi na majumba ya kale, ambavyo wenyewe huviita vya Kigothi: vyumba vilivyofungwa, njia za chini kwa chini, mwanamwali anayekimbia gizani na mshumaa mkononi. Horace Walpole aliuanzisha mtindo huo Uingereza mwaka 1764 kwa The Castle of Otranto, na Ann Radcliffe akaunawirisha mwaka 1794 kwa The Mysteries of Udolpho, ila yeye alikuwa na desturi ya kuyafafanua maajabu mwishoni kuwa ni kazi za binadamu. Kisha akaja Jane Austen na Northanger Abbey, kitabu kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1817, miezi michache baada ya kufa kwake. Humo msichana Catherine Morland, ambaye kichwa chake kimejaa hadithi za kutisha, anakuta katika kabati la kale karatasi zilizofichwa. Usiku kucha moyo unamdunda. Kulipopambazuka akazisoma, kumbe ni hesabu za dobi.

Wengi hucheka hapo, wakadhani wamekwisha kukipata kinaya chote. Bado. Catherine alimshuku mwenye nyumba, Jenerali Tilney, kwamba alimwua mkewe. Alikosea, jenerali hakuua mtu. Lakini jenerali huyo huyo alipopata habari kwamba binti yule hana mali kama alivyodhani, alimfukuza nyumbani mwake asubuhi na mapema, asimpe hata mtu wa kumsindikiza katika safari ndefu. Msichana alikosea kuhusu mzimu, hakukosea kuhusu mtu. Ukatili aliouhisi ulikuwapo kweli. Ila haukukaa ndani ya kabati, ulikaa mezani, ukila chakula cha jioni na kuhesabu mahari. Basi mwalimu aliye na vitabu hivi viwili, cha Austen na cha Abdulla, ana somo la muhula mzima.

Asije mtu akadhani nimekwenda Ulaya kuazima kitu tusichokuwa nacho. Sisi watunzi wa mashairi twajua kwamba Kiswahili kimelelewa na kinaya tangu utotoni. Mwanamke wa pwani humsema jirani yake kwa kanga aliyojifunga, asitamke neno. Washairi wawili hujibizana kwa sifa ambazo kila mmoja anajua kuwa ni matusi. Na katika jambo hili la vitisho na wachawi, wazee wetu wametuachia methali ambazo kwangu mimi ni riwaya kamili. Walisema, "Mchawi mpe mwana kulea." Ni nani atakayesema neno kali kuliko hilo? Mtoto yu salama mikononi mwa anayeshukiwa, kwa kuwa likimpata baya, macho yote yatamgeukia mlezi. Hatari iko kwa asiyeshukiwa. Walisema tena, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Maana yake zimwi latujua, latusalimu, huenda tumezaliwa nalo tumbo moja. Na walipotaka kumaliza maneno walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Bwana Msa hakuvumbua zaidi ya hayo. Alichukua fitila ya wazee akaingia nayo ndani ya nyumba.

Wapo wanaosema Abdulla aliiga. Husema kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevishwa nguo za Unguja, na Najum ni Daktari Watson. Kwamba Abdulla alipata athari kutoka kwa Conan Doyle, hapana ubishi. Hata kile kisa mashuhuri cha Doyle cha mwaka 1901–02, The Hound of the Baskervilles, chafanana na hiki chetu: ukoo unasadiki kwamba mbwa wa kuzimu anawaandama, kumbe ni mbwa wa kweli aliyepakwa kitu cha kung'aa, na aliyempaka alitaka kurithi. Lakini mkosoaji aliyefika hapo akatua mzigo amechoka mapema. Mbwa wa Baskerville ni laana. Mzimu si laana; mzimu ni babu na bibi. Anayesema kwamba mtu ameuawa na mbwa wa kuzimu hamsingizii mtu, lakini anayesema kwamba ameuawa na mzimu wa watu wa kale anawashitaki wazazi wa wazazi wake kwa kosa la kuua. Tofauti hii ndiyo inayokifanya kitabu cha Unguja kiwe cha Unguja.

Na hapa najibu shutuma iliyo nzito zaidi, ambayo nimeisikia kwa watu wazuri, wapenda utamaduni wa taifa. Wao husema: kitabu hiki kilitungwa wakati wa ukoloni, kikatunukiwa na chombo cha wakoloni, nacho chatucheka mila zetu. Ni kasumba, wasema, iliyovaa tarbushi. Shutuma hii si ya kupuuzwa. Wakoloni walizitukana kweli imani zetu, na Sheria ya Uchawi waliyoitunga Tanganyika mwaka 1928 ni ushahidi wa jinsi walivyotaka kuyatawala mambo wasiyoyajua. Lakini tuulizane: ni nani anayechekwa katika kitabu hiki? Wazee wa kale hawachekwi. Mahali pao hapabomolewi, wala hapatemewi mate. Anayechekwa ni mtu wa leo anayejificha nyuma ya mgongo wao, na anayechekwa pamoja naye ni yule anayemkubalia ajifiche. Ikiwa mtu ameua kisha akaitupa maiti mlangoni pa babu yangu, je, anayemheshimu babu yangu ni yule anayesema "babu ndiye aliyeua", au ni yule anayesema "babu hakuua, mleteni aliyeua"? Mimi namwona Bwana Msa kuwa wakili wa watu wa kale, tena wakili asiyelipwa. Wanaodai kuutetea utamaduni kwa kumkataa yeye wanawaachia mababu zao kesi ya mauaji.

Tungekuwa tunabishana juu ya kitabu tu, ningeweka kalamu chini hapa. Lakini mambo haya yamekwisha toka kitabuni. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, kwa miaka mingi, wanawake wazee wamekatwa mapanga kwa kuitwa wachawi, na alama iliyowatia hatiani ilikuwa macho mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi. Mwanamke amepika maisha yake yote kwa kuni na samadi kavu ya ng'ombe, amewalisha wana na wajukuu, na moshi wa chakula chao ukawa ndio hati ya kumwulia. Kama kuna kinaya kichungu kuliko hicho katika nchi hii, mimi sijakiona. Na waliochunguza mauaji hayo wamekuta mara nyingi kwamba nyuma ya panga palikuwa na shamba la mjane na mtu aliyelitaka. Hapana mzimu uliowahi kurithi shamba.

Tangu mwaka 2007 tukaona msiba mwingine, wa ndugu zetu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo, hasa katika Kanda ya Ziwa, kwa uvumi kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi mwezi wa Januari 2009, na mwezi wa Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu watu watatu kifo kwa kumwua mtoto. Hapo napo maneno yalikuwa ya majini na mizimu, lakini mkononi zilikuwapo noti.

Na Zanzibar mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya kurudishwa kwa mfumo huo, zilienea habari za Popobawa, kiumbe cha usiku, hata watu wakalala nje makundi kwa makundi wakiwasha moto. Hofu ilivuka bahari ikafika Dar es Salaam. Mjini Zanzibar umati ulimkamata mtu mmoja, mgonjwa wa akili, ukamwua ukidhani ndiye. Waliokesha wakilindana na zimwi ndio waliotoka wakaua. Yeye, maskini, hakuwa na mbawa.

Nimeyataja haya ili nimwulize mwalimu swali moja. Kijana aliyemaliza Kidato cha Nne, aliyekariri maana ya kinaya na mifano yake mitatu, akasimama katika umati kama ule, je, kuna lolote alilofundishwa litakalomzuia asiokote jiwe? Nasema Mzimu wa Watu wa Kale, ukisomwa sawasawa, ungaliweza kumzuia. Usingemfanya kuwa mtakatifu. Ungemzoesha tu kuchelewa kidogo, kuuliza kidogo, kumtazama yule anayepiga kelele kuliko wote na kujiuliza huyo anapata nini. Bwana Msa mwenyewe hatukuzwi kama nabii. Mtungaji wake hakuona haya kuipa hadithi moja, ya mwaka 1984, jina la Kosa la Bwana Msa. Akili nayo huchekwa. Kitabu kinachoicheka hata akili ya shujaa wake hakiwezi kuitwa chepesi.

Mimi nakaa Sinza, mtaa uliopimwa viwanja katika miaka ya 1970 na kugawiwa wananchi wajenge. Katika barabara yetu kuna kituo kiitwacho Makaburini. Kondakta wa daladala hukitaja kwa sauti ile ile atajayo Mori au Kumekucha, abiria hushuka, wauza chipsi na mishikaki huwasha majiko yao, na muziki wa baa hulia hadi usiku wa manane. Hapana anayetetemeka. Wafu wa Sinza ni majirani wapole. Lakini kiwanja kilichogawiwa zamani kwa fedha ndogo leo kina thamani kubwa, na mwenye nyumba akifariki, mara nyingi kabla ya arubaini husikika neno: mjane ndiye aliyemloga. Ndugu wa marehemu hulisema kwa machozi, majirani wakatikisa vichwa, na baada ya miezi michache mjane yuko kwao na mizigo yake, na nyumba ina mpangaji mpya. Nimekwisha liona jambo hili mara nyingi, nami kila mara nimetamani angalau jirani mmoja awe amemsoma Abdulla.

Badala yake majirani wameangalia filamu. Mitaa hii yetu ya Kinondoni na Sinza imekuwa kitovu cha filamu za Kiswahili, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 filamu za kutisha za Mussa Banzi, kama vile Nsyuka na Shumileta, zilipendwa sana. Sina ugomvi na mtu kutishwa. Kutishwa ni starehe ya kale, na fasihi simulizi yetu imejaa mazimwi. Ugomvi wangu ni na wingi wa zile zilizofuata, ambazo zilichukua giza na kilio zikaacha kinaya. Humo mchawi ni mchawi kweli, na kwa kawaida ni mama mkwe au mwanamke mzee. Jini ni jini kweli. Na anayeuliza maswali ndiye anayekufa wa kwanza. Mtazamaji anarudi nyumbani akiwa amethibitishiwa kila alichokishuku. Hicho ndicho chepesi. Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978, alituonyesha jumba la kutisha lisilo na pepo hata mmoja, na Kijakazi anayelitumikia kwa moyo wake wote huku likimlipa matusi. Ukiifunga riwaya ile hutazami tena nyumba kubwa kwa macho yale yale. Na Abdulla mwenyewe mwaka 1973 alikipa kitabu chake kingine jina ambalo lingetosha kuwa jibu kwa filamu hizo zote: Duniani Kuna Watu. Watu, alisema.

Nitaambiwa kwamba walimu hawana muda, mihtasari ni mirefu, vitabu ni vichache. Ni kweli. Basi napendekeza jambo lisilohitaji fedha. Mwalimu achukue nakala moja ya Mzimu wa Watu wa Kale, aisome darasani kwa sauti hadi maiti inapoonekana, kisha akifunge kitabu. Kila mwanafunzi aandike katika kipande cha karatasi, bila kuulizana na mwenzake, nani amemwua tajiri huyu na kwa nini anafikiri hivyo. Mwalimu azikusanye karatasi, azifungie kabatini, asiseme neno. Wasome kitabu hadi mwisho, hata kama itachukua muhula mzima, kipande kwa kipande, siku za Ijumaa. Siku watakapomaliza, kabati lifunguliwe na kila mmoja arudishiwe karatasi yake aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Halafu ndipo mwalimu aandike ubaoni neno kinaya.